Tumbo la Mzee Ambakisye

Niliripoti kazini siku ya kwanza nikiwa nimelowa mpaka soksi. Kwetu Mpwapwa mvua ikinyesha watu hutoka nje kuishangaa. Tukuyu niliwakuta watu wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani, wanasalimiana na kucheka njiani kama vile hakuna kinachotoka juu. Nikaingia idara ya wagonjwa wa nje huku nikiacha dimbwi kila niliposimama. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wetu kwa upande wa tiba, akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye afisa tabibu mpya?"

"Ndiyo, mkuu."

"Vua viatu, kisha uchukue foleni ya wazee. Viatu vitakauka mwezi wa sita."

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo mna vyeo vingi, kwa hiyo nieleze kidogo. Afisa tabibu ni yule anayekusikiliza, anayekupima na kukuandikia dawa kabla hujamfikia daktari. Katika vituo vingi vya vijijini wakati wetu ndiye alikuwa daktari mwenyewe, maana mwingine hakuwepo. Nami nilikuwa nimetoka chuoni na alama nzuri na kiburi cha kutosha.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo. Alisema mwili unamwaka moto, wadudu wanamtembea kichwani, miguu inakufa ganzi na moyo unakwenda mbio akilala. Nikapima presha, ikawa nzuri. Nikamtuma maabara, damu haikuwa na malaria wala sukari. Nikamsikiliza kifua, nikamminya tumbo, nikamgonga magoti. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi nikiwa nimekwishakata shauri.

"Mkuu, yule bibi hana kitu."

Alikuwa anakunywa chai bila sukari, akaweka kikombe chini. "Hana kitu. Sasa kama hana kitu, nini kimempandisha mlima wote ule na fimbo, kwenye mvua hii?"

Nikafungua tena cheti chake.

"Rudi ukamuulize habari za jana. Usimuulize anaumwa wapi, ameshakwambia. Muulize jana yake yote, tangu alipofumbua macho mpaka alipoyafumba. Usimkatize hata akikueleza habari za kuku."

Nilirudi nikiwa nimenuna. Bibi alianza taratibu, na kweli kuku walikuwemo, wengi tu. Lakini alipofika jioni alisema anafunga mlango kwa gogo, maana mwanawe wa mwisho amehama na sasa nyumba ni yake peke yake, na kila jani la mgomba likigusa bati moyo unaruka. Moyo wake haukuwa na ugonjwa, ulikuwa na hofu. Siku ile tulimtuma mtu azungumze na jirani yake, binti wa jirani akawa anakwenda kulala kwake. Wadudu wa kichwani hawakuisha wote, ila walipungua mpaka bibi akawa anawasahau.

Hapo ndipo niliposhikwa na kazi hii. Watu wakiniuliza bingwa wa nini, nasema mimi ni bingwa wa jana.

Naona wengine mnatabasamu. Katika vituo vyote nilivyopita, wafanyakazi walikuwa na jina la wazee wanaorudi kila wiki na maumivu yasiyoonekana. Waliwaita "wapangaji." Ungesikia mtu wa mapokezi akisema, "Wapangaji wamefika, fungua dirisha." Nilicheka pia, sitaki kujifanya malaika. Lakini Mganga Mfawidhi hakuwahi kucheka. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao nimeubeba kazini maisha yangu yote. Mzee wa namna ile alimpa tarehe ya kurudi, aumwe asiumwe. Wenzetu waliona ni kupoteza nafasi ya foleni. Yeye alisema, "Mtu akijua atapokelewa hata akiwa mzima, halazimiki kuumwa ili aje."

Nilihamishiwa zahanati moja huko Kisiba. Zahanati ni ngazi ya chini kabisa, chumba cha kupimia, chumba cha kuzalishia, kabati la dawa na paa linalovuja mahali palepale kila mwaka. Huko nilijiona nimekuwa fundi. Siku moja alikuja kutukagua Mganga Mkuu wa Wilaya, mama mmoja mkali ambaye hata mbwa wa mlinzi walimwogopa. Alinikuta na bibi anayelalamika mgongo, nami nimeshaanza: "Haya bibi, jana ulipoamka..."

"Simama," akasema. "Kwanza mgongo, ndipo jana."

Akamgeuza bibi, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Alipofika mahali fulani bibi akaruka. Ilikuwa kifua kikuu cha mifupa. Mganga Mkuu akaniambia pale pale, bila kupunguza sauti, "Huzuni haimkingi mtu na TB. Mzee anaweza kuwa na vyote viwili, na cha tatu juu yake." Bibi yule alitibiwa akapona, na mimi tangu siku ile nimegusa kila mgongo kabla ya kuuliza habari za kuku.

Miaka ikapita, nikaolewa hukuhuku, watoto wangu wakazungumza Kinyakyusa kabla ya Kigogo changu, na hatimaye nikapelekwa kituo cha afya kimoja kata ya Kyimo nikiwa Mganga Mfawidhi mimi mwenyewe. Ofisi ikawa yangu na chai ikawa yangu, ingawa mimi naweka sukari. Hapo ndipo alipokuja Mzee Ambakisye.

Alikuwa mrefu, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote. Alikuwa mkulima wa ndizi na chai kidogo, na aliwahi kuwa mzee wa kanisa. Tumbo lilikuwa linamwaka. Moto ulianzia kitovuni, ukapanda kifuani, ukamkaba kooni. Ulikuja kila baada ya kula, kwa hiyo alianza kula kidogo, kisha kidogo zaidi, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya. Hilo la kukonda lilinitisha. Nilimkagua kama Mganga Mkuu yule alivyonifunza, na nikampa rufaa, yaani nikamwandikia aende hospitali ya juu Mbeya. Huko walimpima damu na choo, wakampiga ultrasaundi, wakaingiza na kile kipimo cha kamera kinachopita kooni kwenda kutazama tumbo kwa ndani. Tumbo lilikuwa safi. Akarudishwa kwangu na majibu, na moto wake uleule.

Hapa kuna jambo ambalo kitabu chochote cha chuoni hakikunifundisha, nami nawaomba mlishike. Sisi tukimaliza vipimo tuna sentensi yetu tunayoisema tukiwa tumechoka, "Vipimo havionyeshi kitu." Tunaisema tukidhani tunamtuliza mtu. Huku kwetu sentensi hiyo ikitoka mlangoni inageuka hukumu. Kama hospitali haikuona, basi si ugonjwa wa hospitali. Kama si wa hospitali, kuna mkono wa mtu. Kinachobaki ni kutafuta mkono wa nani. Na kwa mzee ambaye tumbo linamwaka kila akila, hakuna haja ya kutafuta mbali. Ni mkono unaopika.

Aliyepika alikuwa mkwe wake, Mama Tumpe, mke wa mwanawe Gwamaka. Gwamaka ni dereva wa malori, kutwa yuko Tunduma na kuvuka mpaka. Mke wa Mzee Ambakisye alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo kwenye ule mji, yaani nyumba na uwanja wake, walibaki mzee, mkwe, na Tumpe, binti wa Gwamaka, ambaye naye mwaka ule alikwenda shule ya bweni.

Nilimwita mzee siku ya tarehe yake. Alikuja na dada yake, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani na macho yasiyokubali kudanganywa. Nikamwomba dada asubiri nje kidogo. Alikaa karibu kabisa na mlango.

"Ugonile, tata," nikamsalimu mzee. "Leo sitakuuliza tumbo. Nieleze jana."

"Jana?"

"Jana yote. Uliamka, ukafanya nini?"

Akafikiri. "Nikakaa."

"Ukala?"

"Chakula kilikuwa mlangoni."

"Nani alikileta?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani analeta asubuhi. "Kilikuwa mlangoni, mwanangu. Kimefunikwa."

"Kisha?"

"Nikaangalia ng'ombe. Nikakaa. Mchana chakula kikawa mlangoni. Kilikuwa kimepoa, maana nilikuwa nimesinzia. Nikala kidogo, moto ukaanza. Jioni vilevile."

"Jana uliongea na nani?"

Alikuwa anatafuta kwa uaminifu kabisa, naona hakutaka kunipa jibu la uongo.

"Na ng'ombe," akasema.

Nikaelewa, na nikajishangaa kwamba nimekaa wilaya hii ya Rungwe miaka yote hiyo nisilione jambo lililo wazi. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Mke akimwona njiani anakwepa kwenye migomba. Hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, hampi kitu mkononi. Ndiyo heshima yenyewe. Familia nyingi za kanisa zimeilegeza siku hizi, wengine hula meza moja, lakini Mzee Ambakisye alikuwa mtu wa kujivunia kwamba nyumbani kwake heshima haijalegea. Wakati mkewe yupo haikumdhuru, mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Mkewe alipoondoka, Tumpe akawa anabeba sahani na kukaa na babu yake akimsimulia ya shuleni. Tumpe alipokwenda bweni, ikabaki sahani.

"Tabibu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sina wazimu."

"Huna wazimu hata kidogo. Una ugonjwa, na una jina. Unaitwa sonona. Ni huzuni iliyokaa mpaka ikashuka mwilini. Kwako imeshukia tumbo. Moto unaousikia ni moto kweli, haupo kichwani mwako tu."

"Unatibika?"

"Unatibika. Nitakupa dawa, kidonge kidogo kila siku, kitachukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Lakini kidonge peke yake hakiwezi kuongea na wewe."

Mlango ukafunguka. Dada yake alikuwa amesikia ya kutosha. "Daktari, tusizungushane. Mbeya walisema hawakuona kitu. Sivyo?"

Nikiitikia tu ndiyo, Mama Tumpe ameondoka katika nyumba ile.

"Mama, Mbeya waliona," nikamwambia. "Kamera iliingia ndani ikatazama tumbo zima. Wameliona tumbo zima, halina kidonda, halina mchubuko. Mtu aliyelishwa kitu kibaya muda wote huo tumbo lake lisingekuwa vile. Ugonjwa nimeuona mimi leo, ni wa upweke."

"Upweke!" Akapiga makofi. "Mtu ana nyumba ya bati, ana ng'ombe, ana mkwe anayempikia, awe mpweke? Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Gwamaka anakuja Jumamosi. Tutakaa kikao, na yule mwanamke atarudi kwao Kisiba."

Mzee alitazama chini. Hakumkatalia. Hilo liliniuma kuliko maneno ya dada yake.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka kwa Mzee Ambakisye. Kazi ya afisa tabibu haina sheria ya kumlazimisha kwenda majumbani, ila haina pia inayomkataza. Nikakuta mji safi, migomba imepaliwa, na jiko limejengwa kando ya nyumba ya mzee. Kati ya jiko na baraza yake kulikuwa na ukuta wa mianzi tu. Mama Tumpe alinikaribisha jikoni, akapiga magoti kunisalimu, akanipa kigoda. Alikuwa anamenya ndizi za mbalaga na mikono yake haikusimama.

Nikamuuliza jana yake.

"Jana niliamka nikapika," akasema. "Nikaonja kwanza. Huwa nakula mimi kwanza, daktari, sahani ileile, halafu ndio nampakulia baba. Wakisema nimemwekea kitu, basi tufe wote."

"Halafu?"

"Nikaweka mlangoni, nikarudi hapa, nikasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kijiko. Kikigonga sahani najua anakula. Nikikisikia kinagonga mara nyingi, nami nakula. Kisipogonga..." Akashika koo lake. "Kuna kitu kimenikaba hapa, tangu mama mkwe afariki. Hakishuki, hakitoki. Sikuja kukwambia kliniki kwa sababu wangesema naye anaumwa, basi ile dawa aliyomwekea baba imemrudia."

Nikaangalia ule ukuta wa mianzi. Unaweza kupitisha kidole katikati ya mwanzi na mwanzi. Upande huu mama anasikiliza kijiko, upande ule mzee anaongea na ng'ombe, na kila mmoja anaungua kwa ajili ya mwenzake. Nililia, nawaambia ukweli. Nilijisingizia moshi.

Jumamosi niliomba niruhusiwe kufika kwenye kikao. Gwamaka alikuwa amekuja usiku uliopita na macho yake mekundu ya barabara. Alikuwa kijana mpole aliyebanwa katikati, anampenda mkewe na anamwogopa shangazi yake, yule dada wa mzee, na wote waliokuwa barazani walilijua hilo. Shangazi alieleza yake, kwamba kaka yake anakwisha, kwamba hospitali imeshindwa, kwamba anayepika ni mmoja. Mama Tumpe alikuwa jikoni nyuma ya mianzi, kama inavyompasa.

Nilipopewa nafasi sikutoa somo. Niliwaeleza siku mbili tu, jana ya mzee na jana ya mkwe wake, kama walivyonieleza wenyewe, maana wote wawili nilikuwa nimewaomba ruhusa. Niliposema habari ya kijiko, Gwamaka alifunika uso. Mzee Ambakisye aligeuza kichwa polepole kuelekea kwenye mianzi, kisha akakumbuka na kukirudisha mbele.

"Anaonja kwanza?" akaniuliza.

"Anaonja kwanza, baba."

Akaweka mikono magotini. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama kanisani, "Basi namfungulia. Kuanzia leo mkwe wangu aje mbele yangu, tuonane, aniite baba na mimi nimwite mwanangu. Nimemaliza."

Shangazi akashika kiuno. Mimi nilishusha pumzi, nikadhani kazi imekwisha. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mianzi, na sikuwa nimeitegemea.

"Mwambieni baba, ndaga fijo," akasema Mama Tumpe. Alikuwa anamshukuru sana, kwa Kinyakyusa. "Lakini mwambieni siwezi. Nimemheshimu tangu siku niliyoolewa. Heshima hiyo siwezi kuivua leo kama kanga, halafu kesho watu waseme ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mimi uso wake sitautazama." Tukasikia mwiko ukiwekwa chini. "Ila kuongea, tutaongea. Yeye akae huko, mimi nikae huku. Mianzi ibaki."

Desturi ile haina kifungu cha mianzi. Shangazi alisema, "Haijawahi kutokea jambo kama hilo."

"Litatokea kesho asubuhi," akasema mzee.

Gwamaka akainuka akaenda jikoni, na hatukusikia tena neno la kumrudisha mtu Kisiba siku ile.

Msidhani yaliisha kwa kikao. Dawa ilichukua wiki zake. Mazungumzo ya kwanza, alivyonisimulia Mama Tumpe, yalikuwa haya: mzee alikohoa, naye akakohoa, basi. Siku ya pili mzee aliuliza kama ng'ombe amepewa maji. Siku nyingine mkwe alimwambia chakula ni maharage, kiko moto, asisinzie. Baada ya mwezi nilipofika bila taarifa niliwakuta wamekaa wamepeana mgongo, ukuta katikati, wakibishana kuhusu chumvi. Mzee alikuwa anasema marehemu mkewe hakuwa akiweka chumvi nyingi namna ile. Mkwe alikuwa anasema ndiye aliyemfundisha. Nikatembea kwa kunyata nikarudi kwenye bodaboda, nisiwaharibie.

Mzee akaanza kunenepa kidogo. Mama Tumpe naye alisema kile kitu cha kooni kimeshuka, anakisikia tu siku za Gwamaka kuchelewa. Lakini vijijini maneno hayafi haraka. Wako waliokuwa wakikwepa sahani ya Mama Tumpe kwenye shughuli, wanajifanya wameshiba. Yeye aliona, akawa anajitolea kuchota maji badala ya kupika.

Kisha ukatokea msiba kwa jirani yao. Mnajua misiba ya huku, kata nzima inahamia, sufuria zinajipanga kwenye migomba na wanawake wanapika kwa zamu. Nilikuwepo. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti na mabenchi wakingoja chakula, na mabinti wakaanza kupita na sahani. Mzee Ambakisye alikataa ya kwanza. Akakataa na ya pili. Dada yake akamwendea akamuuliza kama tumbo limeanza tena.

Mzee akasimama. Hakuongea na dada yake, aliongea na uwanja.

"Mimi nangoja chakula alichopika mkwe wangu. Hakipo?"

Kule kwenye sufuria niliona Mama Tumpe ameinama, ndoo ya maji mkononi, mgongo wake kwetu. Wanawake wakatazamana. Hatimaye mama mwenye msiba, mwenye kufiwa mwenyewe, alimnyang'anya ndoo akampa mwiko. Tulingoja. Watu wazima wote wale, na njaa zetu, tulingoja mbalaga ziive. Binti mmoja akaipeleka sahani, mzee akaipokea kwa mikono miwili, akakaa mahali ambapo kila mtu angeona, na akala yote, polepole, akigonga kijiko kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Alipomaliza akanyoosha sahani. "Kuna nyingine?"

Mama mwenye msiba akacheka, wa kwanza kucheka siku ile. Kisha shangazi mtu, na nampa heshima yake kwa hilo, akasogeza kiti karibu na kaka yake akasema, "Basi na mimi nileteeni hicho hicho."

Sasa nimestaafu. Naishi Makandana, nina bustani ya mboga na magoti yanayojua mvua kabla ya redio. Vijana wa kazini hunipigia simu, "Mama, nina mzee hapa vipimo vyake vyote ni safi, nimfanyeje?" Nawajibu kwa urefu, maana mstaafu ana muda. Nawaambia kwamba vipimo safi ni habari njema na tumpe mtu majibu yake kama habari njema, tusimkabidhi kama mlango uliofungwa. Nawaambia kwamba uzee huku unaleta maumivu ambayo hayana picha, na kwamba nimewaona wengi wakirudi kuwa watu wa kucheka na kugombana. Si wote. Wapo waliotushinda, na nawakumbuka kwa majina. Lakini ningeanza tena kazi hii kesho, kwa viatu vyenye maji, kwa sababu sijaona tiba nyingine inayogharimu kidogo namna hii, kukaa na kusikiliza, ikarudisha mtu mzima mezani.

Mwezi uliopita nilipita Kyimo. Kijana aliyenirithi ofisi aliniambia Mzee Ambakisye ameruka tarehe yake ya kurudi, nikashtuka. Nikaenda mpaka kwake. Alikuwa barazani, kofia kichwani, karai la viazi vya kumenya kati ya miguu yake, mgongo kwenye mianzi.

"Tumbo, mzee wangu?"

"Lipo," akasema. "Linawaka vilevile siku nyingine."

"Sasa mbona hukuja kliniki?"

Akanyoosha kisu kuelekea lile karai, kama mtu aliyeonewa.

"Nitakuja saa ngapi, mwanangu? Kuna mtu hapa nyuma hanipi nafasi."

Na kutoka nyuma ya mianzi mtu huyo akasema, "Baba, kata vidogo. Nimekwambia tangu asubuhi."